Semkiwa na Ndege wa Uani

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma mbona kimya? Paukwa tena!

Pakawa, bibi, tuko macho!

Basi sogeeni. Huyo mdogo mpisheni akae mbele, asije akasinzia kabla zimwi halijatokea. Zimwi lipo, lakini liko mbali, ng'ambo ya korongo, na bado hatujalifikia. Kwanza palikuwa na mwanamume na mkewe, na ua nyuma ya nyumba yao.

Mwanamume aliitwa Semkiwa. Kazi yake ilikuwa kuchonga vinu. Mkono wake ulikuwa mzuri, na watu walitoka vijiji vya mbali kuja kuchukua kinu kwake. Mkewe aliitwa Nakundwa, binti wa watu wa mlimani.

Semkiwa alimpenda mkewe. Alimpenda mno, hata akiwa msituni anakata gogo, aliacha shoka katikati ya kazi akarudi nyumbani kumtazama tu, kisha akasingizia kwamba amesahau tezo la kuchongea.

Nakundwa naye alikuwa na jambo lake. Alipenda ndege. Asubuhi akishatwanga na kupepeta, alichukua mtama na chenga za mchele akaenda uani. Huko alikuwa ametundika vifuu vya nazi kwenye fito kwa kamba za ukindu. Kifuu hiki alitia mtama, kifuu kile alitia chenga. Papai lililoiva alilipasua akalichomeka kwenye kijiti. Na chini, karibu na kichaka cha mchongoma, aliweka kigae cha mtungi uliovunjika, akakijaza maji safi, kila siku maji mapya.

Kisha alikaa kwenye kigoda, akaimba kwa sauti ndogo:

Njooni wa karibu, njooni wa mbali,
ua huu hauna mwenyewe,
atakayetua ni wetu.

Na ndege walikuja. Walikuja pugi wakitembea kwa adabu kama wakwe waliokaribishwa. Walikuja chiriku kwa makundi wakisemezana wote kwa pamoja. Walikuja shorwe wenye vishungi wakagombania papai. Akaja na chozi, kale kandege kadogo kanakometameta, kakaning'inia kichwa chini kufyonza maua. Nakundwa alikaa kimya katikati yao, hata wengine wakatua begani kwake.

Mwanzoni Semkiwa aliona ni mchezo, akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Maana alianza kuangalia. Aliona mkewe akiwaambia ndege habari za asubuhi kabla hajamwambia yeye. Aliona jinsi alivyochagua mtama, ule mzuri akauweka kando kwa ajili ya wale wa uani. Na ule wimbo wake ulimchoma. Ua huu hauna mwenyewe. Semkiwa akajiambia, "Hauna mwenyewe vipi, nami nipo?"

Siku moja alimletea mkewe kinu kipya. Alikuwa amekichonga kwa siri, tangu mvua za vuli hadi za masika, akakizungushia nakshi ya shanga ukingoni. Akakishusha mbele yake, jasho linamtiririka.

"Kizuri mno, mume wangu," Nakundwa akasema, akapitisha kiganja ukingoni. Mara chozi akalia kwenye mchongoma, na Nakundwa akageuza shingo. "Umemsikia? Leo amekuja na mwenzake."

Mara moja tu aligeuza shingo. Lakini Semkiwa alihisi kama kitu kimemkwama kooni, na tangu siku hiyo hakikutoka.

Basi akamwambia mkewe, "Ndege hawa wamezidi. Wanakula kuliko sisi."

Nakundwa akasema, "Wanakula chenga, mume wangu. Njoo ukae nami uwaone."

Semkiwa hakwenda kukaa.

Siku nyingine alipita uani mkewe akiwa kisimani, akakata kamba za vifuu zote, vikaanguka chini. Nakundwa aliporudi alidhani ni panya. Akasokota kamba mpya, akapaka majivu kwenye fito ili panya wasipande, akatundika tena.

Siku nyingine tena Semkiwa akajilaza, akasema anaumwa kichwa, mgongo na magoti. Nakundwa akamkalia siku kutwa, akampikia uji, akamkanda kwa maji ya moto. Semkiwa akafurahi ndani ya shuka. Lakini chiriku walipoanza kupiga kelele uani, akamwona mkewe ameinua kichwa, anasikiliza, na uso umemlainika.

"Nenda basi," akasema. "Nenda kwa wageni wako."

"Nisubiri kidogo tu, hawajapata maji," Nakundwa akasema, akatoka. Hakujua kwamba amemwacha mume wake analia.

Nisikilizeni, wanangu. Mtu mwenye wivu haoni kwamba uji bado uko moto pale pembeni yake. Huona mlango tu, ule aliopitia mtu kutoka.

Basi Semkiwa akainuka kitandani, akavaa, akashuka korongo. Jua lilikuwa utosini. Akavuka mawe, akapanda ng'ambo ya pili, kule ambako hata kuni hazikatwi, maana ndiko lilikokaa zimwi.

Alilikuta limekaa mbele ya pango. Nywele zake zilitambaa chini kama mizizi. Kucha zilikuwa kama mundu, na mdomo ulianzia sikio hili ukaishia sikio lile. Kulizunguka kulikuwa na miiba mirefu, na juu ya miiba walikaa ndege wachache wa rangi ya jivu. Hawakulia wala hawakurukaruka. Walikaa tu.

"Karibu," zimwi likasema. "Usitetemeke, sikuli. Nimekunusa tangu ukiwa korongoni. Una kijicho. Mtu mwenye kijicho nyama yake chungu."

Semkiwa akasema, "Nina shida ya ndege."

"Najua. Ndege wa mkeo. Mimi nami nawataka. Napenda ndege wakae kwangu tu, wasiende kwa mwingine." Likavuta mfuko wa ngozi, likachota konzi ya mtama. Ulikuwa mtama kama mwingine, ila kila punje ilikuwa na doa jeusi kama jicho. "Kauchanganye na mtama wa uani. Kila atakayeula atakuja kwangu kwa mabawa. Wewe utabaki na mkeo."

Semkiwa akanyoosha mkono. Zimwi likaurudisha mkono wake nyuma.

"Wanaokula mtama wa uani ni ndege tu?" likauliza.

"Ni ndege tu."

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna mwingine."

"Ua ni wako, unaujua?"

"Ua ni wangu, naujua," Semkiwa akasema.

Zimwi likacheka kimyakimya, likampa.

Kesho yake, kabla Nakundwa hajamaliza kupepeta, Semkiwa alimimina ule mtama ndani ya kibuyu cha ndege, akakitikisa. Kisha akachukua shoka akaenda msituni, na njiani alipiga mluzi. Siku hiyo hakurudi kusingizia tezo. Alitaka mambo yamalizike hasa.

Aliporudi alasiri, ua ulikuwa kimya. Hakuna pugi, hakuna chiriku, wala shorwe kwenye papai. Moyo wake ukaruka kwa furaha. Akaita, "Nakundwa!"

Kimya.

Akaingia ndani, hayupo. Akaenda kisimani, hayupo. Akarudi uani, akaona ungo umeanguka kifudifudi, na kwenye kigoda kanga ya mkewe, imekaa kama ilivyomdondoka mwilini.

Mnajua alifikiri nini kwanza? Alifikiri mkewe amewafuata ndege. Wivu ukampanda upya hata macho yakamwiva, akaenda nyumba ya jirani, kwa Mama Mhando, mama mtu mzima aliyekuwa anasuka jamvi barazani.

"Mke wangu amepita hapa?"

"Hajapita, baba," Mama Mhando akasema. "Asubuhi nilimwona uani kwake, amekaa kwenye kigoda anatafuna mtama, kama kila siku."

"Anatafuna mtama?"

"Kwani hujui? Zile punje kubwa huzitafuna kwanza, akizilainisha ndiyo huwapa wale wadogo wasioweza kupasua." Mama Mhando akaacha kusuka, akamtazama. "Miaka yote hii, baba, hujui?"

Semkiwa akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Hakujua. Hakuwahi kukaa uani na mkewe hata siku moja.

Alishuka korongo mbio, akapanda ng'ambo mbio. Safari hii miiba yote ilikuwa imejaa. Mamia ya ndege, wote wa rangi ya jivu, wote sawa, wote kimya.

"Nipe mke wangu," Semkiwa akasema.

"Yumo humo," zimwi likasema. "Mchukue."

Semkiwa akaita, "Nakundwa." Ndege wakamtazama wote kwa pamoja. Akaita tena, wakamtazama wote. Akatafuta jicho la mkewe katika macho yale madogo, hakuliona. Yeye alizoea kumtazama mkewe anapomgeukia yeye. Jinsi anavyoinamisha kichwa akisikiliza, jinsi anavyokaa, hayo yote hakuwahi kuyashika, maana kila alipomwona amegeukia kwingine alikasirika akaondoka.

Zimwi likacheka hadi miiba ikatikisika.

"Unashangaa mbona siwatii kizimbani?" likasema. "Mchana huruka wanakotaka, jioni hurudi wenyewe. Aliyekula mtama wangu hurudi kwangu, isipokuwa ale cha mtu mwingine mpaka ashibe. Na nimewafunga pamoja kama shanga kwenye uzi. Hatoki mmoja mpaka watoke wote. Sasa nani atawashibisha wote hawa? Wewe? Kila utakachotoa kwa kijicho kitageuka kuwa changu."

Basi Semkiwa akarudi nyumbani. Akavijaza vifuu mtama mzuri, ule wa kuchagua. Akasimama katikati ya ua, mikono kiunoni, akaimba:

Njoo Nakundwa, njoo peke yako,
ua huu ni wangu,
na wewe ni wangu.

Ndege wa jivu walipita juu, wakazunguka, wakaenda zao. Kesho yake vilevile. Kesho kutwa vilevile.

Mama Mhando alikuwa anamtazama kutoka uani kwake. "Kaa chini, baba," akamwambia. "Hata wewe ungekula mtu amekusimamia hivyo?"

Semkiwa hakumsikia. Alikuwa na haraka. Akatega ulimbo kwenye fito, akajificha. Ndege mmoja akatua, akanasa miguu. Semkiwa akamkimbilia, akambandua, akamshika kiganjani. "Ni wewe?" akamwuliza. "Ni wewe, mke wangu?" Ndege hakusema neno. Moyo wake ulipiga mbiombio ndani ya kiganja cha Semkiwa, na manyoya yake yalibaki kwenye ulimbo. Semkiwa akaona haya. Akamwachia, akachukua mchanga akasugua ulimbo wote hadi ukatoka.

Siku hiyo ndipo alipokaa. Alikaa kwenye kigoda cha mkewe, akanyamaza. Baada ya muda mrefu ndege mmoja alitua kwenye kifuu, akala punje. Semkiwa akamkodolea macho. Akaona anainamisha kichwa hivi, akasema moyoni, ndiye. Ndiye huyu. Mara akaja ndege wa pili, akamsukuma wa kwanza, akatia mdomo kifuuni.

Semkiwa akaokota bonge la udongo, akampiga nalo. "Toka, si chako!"

Bonge likampata ubavuni. Akayumba, akaruka kwa shida, na yule wa kwanza akaruka naye. Semkiwa akatazama kifuuni. Kila punje ilikuwa imeota doa jeusi.

Akakaa akizitazama zile punje. Kisha wazo likamjia polepole, likamkalia kifuani kama jiwe la kusagia. Na kama yule wa pili ndiye? Alijuaje? Alikuwa na mamia ya ndege, na kila mmoja aliyemchukia aliweza kuwa Nakundwa.

Semkiwa alilia. Hapo alikuwa analia kwa ajili ya yule aliyepigwa bonge.

Akazichoma zile punje. Akaanza upya. Alitundika vifuu vingi zaidi, ili wanyonge nao wapate. Alisogeza kigae cha maji karibu zaidi na mchongoma, baada ya kuona kwamba ndege hawapendi kunywa mahali pasipo pa kukimbilia. Alimfukuza paka aliyekuja kuwavizia. Punje kubwa alizitafuna, na ladha yake ilikuwa chungu kidogo kisha tamu, akajua mkewe alikuwa na ladha hiyo mdomoni kila asubuhi.

Lakini wivu hautoki siku moja. Kila ndege alipotua, jicho lake lilimpima: ni yeye au si yeye? Akiona si yeye, roho ilimwuma kwa kila punje iliyokwenda. Na akitazama kifuuni, doa lipo. Akamwaga, akachoma, akaanza upya. Akamwaga, akachoma, akaanza upya. Akamwaga, akachoma, akaanza upya.

Siku moja alimwona ndege mmoja kiguru. Mguu wake mmoja ulikuwa umejikunja, na kila alipotaka kutua kifuuni kifuu kiliyumba akaanguka. Wengine walikula, yeye alirukaruka chini akiokota maganda. Semkiwa akamtazama asubuhi nzima. Kisha akachukua tezo, akachonga kisinia cha mti, kipana, chenye ukingo mdogo wa kushikia, akakiweka juu ya gogo fupi, akatia mtama uliotafunwa.

Kiguru akaja. Akapanda, akayumba, akashika ukingo kwa ule mguu mzima, akala. Akala mpaka akafunga macho kwa shibe. Na Semkiwa akajikuta anacheka peke yake pale uani.

Alipoinuka, ndipo akakumbuka kwamba tangu asubuhi hakuwa amemtafuta mkewe. Akachungulia kisiniani. Mtama ulikuwa mweupe, safi, hauna doa.

Basi tangu hapo mambo yakabadilika. Alikaa kila asubuhi, akaimba ule wimbo wa mkewe, maneno yake yaleyale:

Njooni wa karibu, njooni wa mbali,
ua huu hauna mwenyewe,
atakayetua ni wetu.

Wakaja wachache. Wakaja wengi. Mwishowe asubuhi moja wakaja wote, wakafunika fito, wakafunika mchongoma, wakafunika paa la nyumba. Semkiwa alitoa mtama wote wa ghalani, na Mama Mhando akaleta wa kwake kwenye pakacha.

Hapo ardhi ikatikisika. Zimwi lilikuwa limevuka korongo. Likasimama nje ya ua, nywele zinaburuta matawi, na sauti yake sasa ilikuwa tamu kama ya mgeni anayebembeleza.

"Semkiwa," likasema, "tusigombane. Mimi niliyefunga uzi naweza kuukata. Nitamtoa mkeo sasa hivi, nikuoneshe ni yupi. Wewe wafukuze hawa wengine wasimalize kula, wabaki wangu. Utakuwa na Nakundwa peke yako. Hakuna tena ndege uani. Si ndicho ulichonijia?"

Semkiwa alikiona kile alichokitaka: Nakundwa amekaa ndani, uso wake umemgeukia yeye tu, na nje hakuna sauti ya kumgeuza shingo. Kile kilichomkwama kooni siku zote kikafurukuta.

"Unakubali?" zimwi likauliza.

Semkiwa akautazama mlango wa nyumba.

"Unakubali?"

Alikaribia kusema ndiyo. Ulimi wake ulikuwa umeshainuka. Lakini pale kisiniani kiguru alikuwa bado anahangaika na punje moja, inamteleza, anairudia, inamteleza tena, naye Semkiwa akaona vigumu kumwondoa.

"Unakubali, Semkiwa? Mwisho nakuuliza."

"Waache wale mpaka washibe," Semkiwa akasema.

Zimwi likanguruma, likatia mguu uani. Lakini kiguru alikuwa ameimeza ile punje, na yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kushiba. Kukasikika kitu kimekatika, kama uzi wa shanga. Rangi zikawarudia ndege wote kwa mara moja: vifua vya njano, vishungi vyeusi, chozi wa kijani kama kitu kilichopakwa mafuta. Na kelele zao, wanangu, zilijaa hadi mlimani.

Nguvu za zimwi zilikuwa ni wale ndege liliowafunga. Lilipowakosa likaanza kupungua. Likawa kama mtu, likawa kama mbuzi, likawa kama fuko, likajitumbukiza kwenye tundu la ardhi, na tangu siku hiyo watu wanakata kuni ng'ambo ya korongo.

Kiguru alikuwa pugi tu. Alipanda fito, akajikung'uta, akaruka.

Nakundwa alikuwa amesimama karibu na kigae cha maji. Mama Mhando alimtupia kanga haraka, akajifunga. Alikuwa amekonda, na kwenye midomo yake kulikuwa na unga wa mtama. Semkiwa hakumsogelea. Aliogopa kumtisha.

"Ulinijua?" Nakundwa akauliza.

"Sikukujua."

"Basi mtama ulikuwa unampa nani?"

"Niliwapa wote."

Nakundwa akashika ubavu wake wa kushoto. "Mimi ndiye uliyenipiga bonge," akasema. "Siku ile niliapa kwamba sitarudi uani hapa, hata nikibaki ndege maisha yangu."

Semkiwa akainamisha uso. Akamwambia yote: zimwi, kibuyu, kamba alizozikata, ugonjwa wa uongo. Hakuacha kitu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini ulirudi, basi?"

"Nilikuona unamchongea kiguru."

Nakundwa akakaza kanga yake, akasema, "Nakwenda kwetu, Semkiwa. Kama nitarudi, nitarudi. Usinifuate."

Zamani Semkiwa angesimama mlangoni. Siku hiyo alimfungia chakula cha njiani, akamsindikiza hadi njia panda, akarudi peke yake.

Masika yakaja, yakapita. Kila asubuhi alitwanga, akapepeta, akaenda uani. Watu walisema anawavuta ndege ili wamletee mkewe. Labda mwanzoni ilikuwa hivyo. Baadaye alifanya tu, kwa sababu walikuwa na njaa na alikuwa na chenga.

Asubuhi moja alikuwa amekaa kwenye kigoda, chiriku wamejaa. Akasikia nyayo nyuma yake, hakugeuka, maana angewashtua. Mtu akapita taratibu, akaweka kifurushi chini, akaangalia vifuu kimoja kimoja, akachota maji kidogo kwenye kigae akayanusa kama ni mapya.

"Sogea kidogo, mume wangu," Nakundwa akasema. "Umekaa kwenye njia yao."

Semkiwa akasogea, na Nakundwa akakaa.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami nimeitua kwenu kama nilivyoipokea. Ukimpenda mtu, mwachie na vile anavyovipenda, na ukae navyo uvijue, maana wivu utakufanya umpige mawe huyohuyo unayemtafuta. Haya, inukeni mkalale, mkeka wangu niukunje.